Milimita Sita na Nusu

Ragnvald amezipanga tatu juu ya zulia la kijani
kama mtu anayeuza samaki: huyu mbichi, huyu mbichi zaidi.
Nje, Lycksele imeingia Septemba, mvua nyembamba,
na mbwa wangu garini anatia kioo ukungu kwa pumzi zake.

"Hii," asema, "ni tisa nukta tatu.
Kulungu wa huku ana kilo mia tano, Hjördis,
ana mabega kama mlango wa ghala.
Humbembelezi. Unamwangusha."
Nimeiinua. Nzito kama mtoto aliyelala.
Nimeiegemeza begani, bega hili hili
lililovunjika kwenye barafu ya Februari,
ngazi ya tatu, kuni mkononi,
nalo likajua kabla yangu.

Ya pili inang'aa. Kitako cha plastiki,
darubini ndefu kama chupa ya chai.
Risasi yake, ati, hufika mita mia nne bila kuinama.
Mia nne! Msituni kwetu, Ragnvald,
ukiona mita themanini bila msonobari katikati
jua kampuni ya mbao imepita.

Sixten alikuwa na tisa nukta tatu.
Wanaume wa kikosi waliiheshimu,
wakamwachia kituo cha kinamasini.
Mimi peke yangu nilimwona
akifumba macho yote mawili
nusu pumzi kabla ya mlio.
Miaka kumi na tisa sikusema.
Mtu mzima, ndevu hadi kifuani,
unamwambiaje kwamba anaiogopa bunduki yake?

Kisha mwaka ule wa ukungu:
jike, tumboni, si moyoni.
Tulifuata damu mpaka saa nane za usiku,
tochi, mbwa, matone kwenye vichaka vya beri
hata usijue lipi tunda, lipi tone.
Tulimkuta amesimama. Hilo ndilo hunirudia.
Hakulala. Alisimama ndani ya maji
akitutazama kama watu waliochelewa.
Sixten alilia. Hata mama yake alipokufa hakulia.
"Shimo kubwa," alisema njiani, "mahali pabaya."
Basi.

Nimeomba ya tatu.
Kitako cha mti wa jozi, kimelainishwa na shavu la mtu mwingine,
herufi mbili zimechongwa, za nani, hajui.
Sita na nusu. Risasi nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho,
lakini ndefu; huenda ndani, hainyoi ngozi.
"Ya kina mama na wavulana," asema, kisha anauona uso wangu.
"Babu yangu," anarekebisha, "aliangusha nayo thelathini."
Naam. Kwa kuwa alisogea karibu.
Alingoja mnyama ageuze ubavu,
na siku nyingine alirudi na mkate wake wa mchana na risasi zake zote.

Nyuma ya duka, kulungu wa mbao hukimbia juu ya reli.
Nimepiga tano.
Bega limesukumwa, halikupigwa.
Ya kwanza, macho wazi. Ya pili, wazi. Ya tatu.
Ya nne nimeipeleka pajani
kwa sababu nilimkumbuka mtu.
Ya tano, wazi.
Ragnvald anabandika karatasi juu ya matundu, hasemi kitu.

Kibali cha polisi kitachukua wiki kadhaa;
nitawinda Oktoba, majani yakiwa chini.
"Wenzako watacheka," asema akiandika risiti.
Wacheke. Nitakaa kinamasini.

Na ile ya Sixten? Nimekuja nayo, auze.
Anachomoa komeo, anaelekeza mtutu kwenye taa,
anachungulia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.
"Safi," asema. "Safi mno. Ilipigwa lini mwisho?"

Mwaka wa ukungu, namwambia.
Misimu sita baadaye alikwenda kila alfajiri,
kahawa, kofia, risasi nne mfukoni,
na jioni wakasema bahati imemkimbia.

Ragnvald anairudisha kwenye mfuko wake wa turubai.
Hataji bei.
Garini mbwa anabweka mara moja, ananyamaza.